Sentensi ya Kumwombea Jirani

Insha ya kwanza niliyoandika ya kuomba chuo ingeweza kuwa ya msichana yeyote. Nilisema napenda sayansi tangu utotoni, nilisema nataka kuisaidia jamii yangu, nikataja kwamba nilikuwa kiranja wa maabara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne hapa Garissa, matokeo yangu yalikuwa mazuri, na nilitaka kusomea uuguzi na ukunga. Vyuo viwili nilivyovitamani, kimoja cha Nairobi na kingine cha ng'ambo, vilimtaka kila mwombaji aandike ukurasa mmoja wa kujieleza: wewe ni nani, na kwa nini unaitaka kozi hii.

Nilimpelekea mwalimu wangu wa bayolojia. Alikuwa mama wa makamo kutoka Kitui. Alikuja kufundisha kwetu akiwa bado msichana, na wenzake wengi walipoomba uhamisho yeye akabaki. Alijua Kisomali cha kununulia maziwa na cha kukaripia wanafunzi, na kila likizo wasichana waliomaliza shule walimfuata nyumbani na karatasi zao.

Alisoma akiwa amekaa kibarazani, feni ya mezani imeelekezwa kwetu kupitia mlango ulio wazi. Alipomaliza aliniangalia juu ya miwani.

"Ni nzuri," alisema. "Kiingereza chake kimenyooka. Ila nimeshasoma nyingi za namna hii mwaka huu. Weka karatasi kando, uniambie tu. Kwa nini ukunga?"

Nilijibu kwamba nataka kuwasaidia akina mama.

"Akina mama gani?"

Sijui kama ni joto la siku ile au ni vile alivyouliza, bila haraka, kama mtu ambaye kweli anataka kujua. Nikajikuta namsimulia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu.

Mama yangu ana mdogo wake wa kike, ambaye kwa lugha yetu tunamwita habaryar. Habaryar ndiye anayeosha maiti za wanawake katika bulla yetu, yaani mtaa wetu. Hiyo si kazi ya kulipwa. Kazi yake ya kulipwa ni kuuza madira na mashungi sokoni. Watu wakifiwa na mama au dada, humtumia habari dukani, naye huteremsha kitambaa mlangoni, akamwomba jirani amwangalizie, akaenda.

Nilipokuwa kidato cha pili alianza kunichukua. Mama hakupinga. "Kuna siku atatuosha sisi," alisema, kwa sauti ileile anayotumia kuzungumzia nguo za kufua. Kazi yangu ilikuwa kumimina maji. Habaryar alivaa kitambaa mkononi na kuosha chini ya shuka, maana hata maiti ana haki ya kusitiriwa, nami nilimimina pale aliponionyesha kwa kidole, upande wa kulia kwanza. Maji ya mwanzo tuliyachanganya na qasil, ule unga wa majani ya mkunazi ambao wanawake wa kwetu tunaoshea nywele, na maji ya mwisho tuliyatia kafuri. Mara ya kwanza nilijimwagia mwenyewe. Habaryar hakunikemea. Aliniambia nijaze birika lingine, nikalijaza, nikamimina pale aliponionyesha.

Alinipa sharti moja. "Ukiona jambo zuri, kama uso uliotulia, unaweza kulisema, wafiwa wapate faraja. Ukiona jambo lingine lolote, hukuliona. Umewekewa amana, na Mungu atakuuliza."

Kisha akafa jirani yetu. Alikuwa mwanamke kijana aliyekuwa akinisuka nywele nilipokuwa mdogo, na aliyekuwa na tabia ya kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi yake mwenyewe, hata usijue mwisho ulikuwa nini. Alifariki akijifungua. Mtoto, wa kike, alipona.

Nilipomimina maji miguuni mwake niliona miguu imevimba hata vifundo havionekani. Mikono nayo ilikuwa hivyo hivyo. Pete yake ilikuwa imezama katika nyama ya kidole, na habaryar alijaribu kuitoa kwa sabuni, ikakataa, ikabidi tuombe koleo tuikate. Nilimtazama habaryar usoni. Aliinamisha macho, nikaelewa kwamba hilo ni mojawapo ya yale ambayo sikuyaona.

Mwaka uliofuata, mwalimu huyuhuyu alikuwa akitufundisha habari za mimba. Alisema, kama kwa kupita tu, kwamba mama mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikawa kinamuuma na macho yakaona giza, apelekwe upesi akapimwe presha, kwa sababu ni hatari, na mara nyingi ikijulikana mapema anaweza kuokolewa. Wenzangu waliandika. Mimi sikuandika. Nilikumbuka jirani yetu akijifunga kichwa kwa leso siku zake za mwisho, na watu wote, mimi nikiwa miongoni mwao, tukimwambia ni jua.

Nilipomaliza kusimulia, mwalimu aliivua miwani akaishika mapajani.

"Kumbe ulikuwa umekaa na hilo darasani siku ile," alisema. "Mbona hukuniuliza?"

"Haikuwa ruhusa yangu kusema."

Alitikisa kichwa polepole. "Hilo ndilo la kuandika. Hii sayansi ya utotoni tupa. Ila nikuambie kitu, na usinielewe vibaya. Mambo ya dini yapunguze. Watu watakaosoma hawakujui. Wataona Garissa, wataona jina lako, kisha waone dini mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Sijui watafikiri nini. Sisemi ni haki. Nimekaa hapa miaka mingi na ninaijua haki ni ipi. Nasema tu kwamba nataka uingie."

Sikukasirika. Alikuwa akinihofia, na hofu yake ilikuwa na msingi. Kila mtu wa kwetu aliyewahi kutoa kitambulisho kwenye kizuizi cha barabarani anaujua. Nikamwambia kwamba shida zangu ni mbili. Moja, nikiondoa dini katika habari ile, ninabaki na msichana anayemwaga maji. Nilikuwa nimekwenda pale kwa sababu ya dini, na nilinyamaza kwa sababu ya dini. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi: dini hiyohiyo ndiyo iliyonikataza kusema niliyoyaona. Hata kwake nilikuwa nimeshasema kuliko ninavyopaswa.

Mwalimu alifikiri. "Hapo mimi siwezi kukusaidia," alisema. "Mwulize aliyekufundisha."

Nilimkuta habaryar dukani akikunja madira yaliyokuwa yamefunuliwa na mteja ambaye hakununua. Nilimweleza. Alisikiliza bila kuacha kukunja.

"Hao watu wa chuo wanamjua?"

"Hapana."

"Jina lake utaandika?"

"Sitaandika. Wala la bulla."

"Na kwa nini usiandike habari nyingine? Umesoma miaka yote hiyo, umekosa habari?"

Nilimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu yenyewe. Kwamba kila ninapojiona hospitalini nikiwa na sare, namwona yeye akiwa ameketi kwenye benchi na leso yake kichwani, nami namwita aingie. Sikuwahi kumwambia habaryar maneno kama hayo. Kwetu hatusemi sana vile tunavyojisikia.

Aliacha kukunja. "Niliiona miguu ile," alisema. "Wewe unadhani ulikuwa peke yako." Akakaa juu ya kiti cha plastiki, akavuta pumzi. "Lakini amana hii si yangu pekee nikakupa ruhusa. Yuko mwenye maiti. Twende kwa mama yake."

Tulikwenda baada ya swala ya alasiri. Mama wa marehemu alikuwa akimlea yule mtoto, aliyekuwa sasa anakimbia. Alitukaribisha mkekani, akatuletea chai ya maziwa ya ngamia, na mtoto akaja kutuonyesha kiatu chake kipya, kimoja tu, maana cha pili alikuwa amekificha na hakukumbuka wapi. Tulicheka. Kisha habaryar akaeleza lililotuleta, na akaeleza kwa uangalifu mkubwa, akizunguka mbali kabla ya kufika penyewe. Aliposema neno "miguu", bibi yule alimwambia mtoto aende akatafute kiatu cha pili nje.

Mtoto alipotoka, bibi aliuangalia mlango. Mimi nilitamani nisingekuja.

"Mimi pia niliiona," alisema. "Alikuja hapa, akaniambia, hooyo, viatu havinitoshi. Nikamwambia apunguze chumvi. Nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu." Aliiangalia mikono yake. "Watu walikuja hapa kunipa pole siku zote zile. Hakuna aliyeniuliza habari ya miguu. Nikadhani ni mimi tu niliyeona."

Habaryar alimwambia kwamba ajali ya mtu imeandikwa, hakuna aliyejua. Bibi akasema ndiyo, imeandikwa, analijua hilo na ameliridhia, lakini mama hubaki akijiuliza hata baada ya kuridhia. Halafu akanigeukia.

"Ni ugonjwa wenye jina?"

"Una jina," nilisema.

"Na unatibika?"

Hapo nilitamani kudanganya. Nilimtazama habaryar, naye safari hii hakuinamisha macho. "Wakati mwingine," nilisema. "Ukijulikana mapema. Si mara zote."

Alilia kidogo, kwa utulivu, akijifuta kwa ncha ya shungi. Habaryar alimshika goti. Nilikaa na kikombe changu cha chai mkononi bila kujua pa kukiweka. Alipotulia alisema, "Andika. Jina lake usiweke. Kama wewe utajifunza kuutambua, andika." Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. "Hao watakaosoma, watamwombea?"

Nilisema sijui ni watu gani, huenda wengi wao si Waislamu.

"Si kitu. Weka neno la kumwombea. Atakayesoma atakuwa amelisoma."

Nikaahidi.

Niliandika upya kwenye simu ya kaka yangu, kwa kuwa kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka. Sehemu ya habari ilikwenda upesi. Nilisema kwamba tangu nikiwa kidato cha pili nimemsaidia mama yangu mdogo kuwaosha wanawake waliofariki, kama dini yetu inavyotuagiza, nilichoona, kwamba muoshaji hukatazwa kueleza aliyoyaona, na kwamba haya ninayaandika kwa ruhusa ya mama wa marehemu. Iliyonishinda ilikuwa sentensi ya kumwombea. Kwa Kisomali mtu akitajwa marehemu ulimi unasema wenyewe, Allaha u naxariisto, Mungu amrehemu, hata hujui umesema. Kwa Kiingereza nilichojifunza shuleni maneno niliyoyajua yalikuwa yale yanayochapishwa kwenye fulana za matanga, na hayakuwa na Mungu ndani yake. Mwishowe nikaandika moja kwa moja: Mungu amrehemu, na mama yake amewaomba mnaosoma mseme amina kama mnaweza.

Mwalimu alipoisoma alirudi nyuma akaisoma tena. Nilijua amefika kwenye sentensi ile kwa sababu kidole chake kilisimama.

"Hii," alisema.

"Mama yake aliomba."

"Najua. Umeandika." Alikuwa mtu wa kanisa, kila Jumapili alitoka na Biblia yake kwenye mfuko wa kitambaa, na nilidhani angeniambia Mungu ataelewa ikitolewa. Badala yake alinisomea kwa sauti sheria ya chuo kuhusu idadi ya maneno. Nilikuwa nimezidisha.

"Kuna kitu lazima kitoke," alisema. Tukatafuta pamoja. Nilipendekeza itoke hiyo sentensi, kwa kuwa nilianza kuogopa, nikiwaza mtu katika ofisi baridi ya ng'ambo akishangaa nimwambie aseme amina. Mwalimu alikataa. Alisema ukiahidi mama aliyefiwa, umeahidi. Akakata ukiranja wa maabara wote, na kipande cha mashindano ya sayansi ambacho mimi nilikuwa najivunia, na ukurasa ukatosha. "Bado naogopa," aliniambia nilipokuwa naondoka. "Nisikufiche. Lakini sasa hii ni yako."

Chuo cha ng'ambo kilijibu kwanza. Walishukuru, wakasema waombaji walikuwa wengi, wakanitakia heri. Hawakutoa sababu. Mama alisema ni kheri nisiende mbali. Baba alinunua tikiti maji akalikata akanipa kipande cha katikati. Nililia chooni ambako hakuna aliyeniona. Kwa siku kadhaa nilijiambia ni ile sentensi. Halafu nikajiambia ni alama zangu za fizikia. Mpaka leo sijui, na sidhani nitajua.

Chuo cha Nairobi kiliniita kwa mahojiano. Nilikaa mbele ya meza ndefu yenye mwanamume mmoja na wanawake wawili. Mwanamume alikuwa na insha yangu mbele yake, na alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia, lakini hakuzunguka.

"Umeandika sana kuhusu dini yako," alisema. "Hospitali yetu ya mafunzo ina wagonjwa wa kila aina. Wanaume wamo. Utawahudumia?"

"Nitawahudumia."

"Hakuna shida?"

"Nitaona haya mwanzoni," nilisema. "Lakini nadhani hata wao wataona haya."

Mmoja wa wanawake wale alicheka. Alikuwa mkunga mzee, nywele zake zimekatwa fupi na zina mvi. Aliuliza swali lake akiwa ameegemea nyuma. "Tuseme mama mjamzito amekuja kwako amevimba kama jirani yako. Unamwambia apimwe, anakuambia, yote ni mapenzi ya Mungu, niache niende nyumbani. Utamjibu nini?"

Nilimfikiria mama wa marehemu, jinsi alivyosema ameridhia lakini bado anajiuliza.

"Nitamwambia ni kweli," nilisema. "Halafu nitamwomba mkono nimpime presha. Simwoni mtu wa kwetu akinikatalia mkono nikiwa nimekubaliana naye kwanza."

Aliandika kitu. Waliniuliza mengine, kuhusu kemia, kuhusu nani angenilipia malazi. Walipomaliza na mimi nimesimama, yule mkunga alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemalizia kazi iliyobaki, "Amina, basi. Mwambie mama yake." Mwanamume alimtazama, kisha akatazama karatasi zake.

Nilipata nafasi. Niliporudi nyumbani kufunga virago nilikwenda kwa bibi yule kumfikishia ile amina ya mkunga. Aliuliza alikuwa mwanamke wa namna gani. Nikamwambia, mzee, mkunga, Mkristo nadhani, alivaa msalaba mdogo. "Mungu amlipe," alisema, akaenda kumtoa mjukuu wake kwenye zizi la mbuzi.

Sasa niko mwaka wa tatu. Muhula huu tumeanza kuingia chumba cha kujifungulia, na kuna jambo moja la chumba kile ambalo hakuna kitabu kilichoniambia: kimejaa Mungu. Wanawake humwita kwa lugha zote. Mara ya kwanza niliporuhusiwa kumpokea mtoto kwa mikono yangu, mama mwenyewe alikuwa akimwita Yesu kwa Kikamba na kwa Kiswahili, mimi nilikuwa nasema bismillahi chini ya barakoa bila kujua kwamba nasikika, na mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye saa yake haikuwa imefika, alikuwa akiimba wimbo wa kanisa kwa kutusaidia sote. Sista aliyekuwa akinisimamia, aliyesimama karibu yangu mikono ikiwa tayari, alisema, "Mwiteni nyote mnaomjua. Lakini mama, usiache kusukuma."

Alisukuma. Kichwa kikaja, nikakishika kama nilivyofundishwa, bila kuvuta, na mabega yakafuata, na mtoto akatoka mzima na mwenye hasira. Nilimlaza juu ya kifua cha mama yake. Mama alimwangalia, akaniangalia mimi, akauliza kama chai ipo.